Kuwamba Upya Kitanda cha Kamba cha Barazani

Kaskazi ikianza kupuliza na joto likawatoa watu vyumbani, vitanda vya kamba hutolewa uani, na maswali yanaanza. Kamba zimelegea, nifanyeje? Uzi mmoja umekatika, nivue zote? Ninunue kamba gani? Nimeyajibu haya kwa mtu mmoja mmoja hadi nimeona heri niyaandike yote pamoja.

Kitanda ninachokizungumzia ni kile cha kawaida cha pwani: matendegu manne (ndiyo miguu yake), mifumbati miwili (mbao za ubavuni), vitakizo viwili (mbao za upana, kimoja mchagoni, yaani kichwani, kimoja miguuni), na katikati kamba. Wengi hukiita teremka tukaze, na jina limesema kweli. Kamba yoyote inayolaliwa hulegea, kwa hiyo mtu hushuka, kamba zikakazwa, akapanda tena. Usikitupe kitanda kwa sababu kimelegea. Naumia kila nikiona matendegu ya mvule yamegeuzwa kuni kwa ajili ya nyuzi tatu zilizokatika.

Kagua kabla hujanunua chochote

Ondoa godoro au mkeka, kiinamishe kitanda ubavu, kitazame kwa chini. Macho yako yaende pale kamba inapopindia kwenye ukingo wa mfumbati, maana huko ndiko inakoanza kufa. Katikati ya kitanda kamba inaweza kuwa nzima kabisa, ukaipapasa ukaridhika, kumbe ukingoni imebaki nyuzinyuzi kama ndevu za mahindi.

Kisha chukua uzi mmoja na uufumue kidogo kwa vidole, uone ndani. Ndani ikiwa ya rangi hai na nyuzi zinavutika, kamba ni nzima. Ikitoka vumbi la kahawia na nyuzi zinavunjika zikipindwa, imeoza, na kuikaza ni kuikata.

Kwa hiyo hali ni tatu. Kamba nzima iliyolegea: kaza tu. Nyuzi chache zimekatika na nyingine ni nzima: tia viraka. Kamba imeoza, au imekatika sehemu zaidi ya sita hivi: vua zote uwambe upya. Nitaanza na hii ya tatu kwa sababu ukiijua, zile mbili ni rahisi.

Unachohitaji

Vipimo vyangu ni vya kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6, na kamba ya unene wa milimita 6.

- Kamba mita 200. Itakayotumika ni kama mita 180, lakini usinunue kamili kabisa.
- Kisu kikali, nyundo, na futi ya kupimia.
- Msasa, mkali kidogo na laini.
- Penseli au mkaa.
- Kijiti cha mwanzi cha urefu wa shubiri moja, kimechongwa ncha upande mmoja na kutobolewa tundu upande wa pili. Hiki ndicho sindano yako.
- Kigingi cha mti mgumu, unene wa mpini wa jembe, cha kuvutia na kukazia.
- Vitambaa vya khanga chakavu vya kuzungushia vidole. Mkonge unachoma, na kufikia uzi wa kumi viganja vitakuwa vinawaka.
- Mtu wa pili. Peke yako unaweza, ila mshikaji anapunguza nusu ya kazi.

Kuhusu aina ya kamba, nina upande. Mkonge ndio naupenda kwa kitanda: hauvutiki sana, unashika fundo, na unapatikana karibu kila duka la vifaa. Kamba ya makumbi, ile inayosokotwa kwa nyuzi za maganda ya nazi, inastahimili unyevu na hata maji ya chumvi kuliko mkonge. Pwani ya mashariki ya Unguja kina mama huyafukia makumbi kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda na kuyasokota kwa mikono. Ni kamba nzuri kwa kitanda kinachokaa nje, lakini inanyumbuka, kwa hiyo utakikaza mara nyingi zaidi. Kamba ya manila ya plastiki haiozi kwa maji. Adui yake ni jua: baada ya muda inakauka, inakuwa ngumu na kumwaga unga mweupe, kisha inakatika ghafla. Itumie kama baraza yako ina kivuli kutwa nzima.

Kosa linalowaponza wengi: kuwamba kwa kamba mbichi

Aliyewahi kuona ukindu ukilowekwa kabla ya kusukwa ukili hudhani na kamba ni hivyo hivyo. Mimi nilidhani hivyo. Kitanda changu cha kwanza nilikiwamba kwa mkonge uliotoka majini, kikakaza hadi uzi ukiudonoa unalia kama zeze. Jua la siku mbili likapita, nikakuta kimening'inia katikati kama susu.

Sababu ni moja. Kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za mmea ikinywa maji inanenepa na kufupika. Ikikauka inarejea urefu wake. Ukiiwamba mbichi, umekaza ufupi wa maji, na maji yakiondoka ufupi unaondoka nayo. Kwa sababu hiyo hiyo kitanda kilichonyeshewa hujikaza chenyewe hadi viungo vikalia, kisha kikikauka kinalegea kuliko mwanzo.

Maji tunayatumia kabla ya kazi, kwa kuizoeza kamba. Iloweke nusu saa, ivute kati ya miti miwili kwa kwenda na kurudi, ifunge imekaza, uiache ikauke kabisa. Utaiona ikilegea kadiri inavyokauka. Ivute tena mara mbili au tatu siku hiyo. Siku inayofuata ndipo uikunje, na uwambe ikiwa kavu. Kamba ya manila haina haja ya haya.

Kutengeneza fremu

1. Vua kamba za zamani. Zikate taratibu, ukipokezana pande zote: chache mchagoni, chache miguuni, chache ubavuni. Kitanda ambacho mifumbati imeingizwa kwenye matundu ya matendegu bila misumari kinashikiliwa na mkazo wa kamba wenyewe. Ukikata upande mmoja wote kwa pamoja, fremu inajinyonga na ulimi wa mfumbati, ile ncha inayoingia tunduni, unaweza kupasuka.

2. Mimina maji yanayochemka kwenye matundu ya matendegu na kila ufa. Kunguni na mayai yao hukaa humo, na wakati huu ambapo mbao ziko wazi ndio nafasi yako pekee ya kuwafikia wote. Kisha anika mbao hadi zikauke. Mafuta ya taa usitumie: harufu haitoki upesi, na kitanda cha barazani mara nyingi kiko karibu na jiko la mkaa.

3. Piga msasa kingo zote ambapo kamba itapindia, juu, chini, ndani na nje, hadi ukipitisha kidole hakikwami popote. Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani kitanda kikiisha. Mimi huipa saa nzima. Ukingo mkali unaikata kamba kila mtu anapogeuka usingizini, na kamba mpya kwenye ukingo mkali haichukui muda kuwa ya zamani.

4. Unganisha fremu na upime pembe kwa pembe. Kwa kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6, kila mshazari unatoka kama sentimita 212. Namba yenyewe si muhimu sana. Cha lazima ni mishazari miwili ilingane, isizidiane zaidi ya sentimita moja. Ikizidiana, kitanda kimekwenda upogo. Funga kamba kwenye pembe mbili zilizo mbali zaidi, ingiza kijiti katikati ya kamba hiyo, kizungushe hadi pembe zivutane na vipimo vilingane. Iache kamba hiyo hapo hadi kazi ya kuwamba iishe.

5. Weka alama za penseli kila sentimita 5 kwenye vitakizo na kwenye mifumbati. Utapata kama 19 au 20 upande wa upana, na kama 34 upande wa urefu. Bila alama jicho linakudanganya, na mwisho wa kitanda nyuzi zinabanana.

Mtande

Mtande ni nyuzi za urefu, kutoka miguuni hadi mchagoni. Uzito wa mlalaji huuegemea mtande, kwa hiyo hapa usiwe na haraka.

6. Anzia kwenye kitakizo cha miguuni, karibu kabisa na tendegu. Zungusha kamba mara tatu, ncha ikiwa imelaliwa na mizunguko hiyo, kisha funga fundo kwa chini.

7. Peleka kamba mchagoni, ipite juu ya kitakizo, izunguke kwa chini, irudi miguuni ipite juu tena. Nyuzi hizo mbili ni jozi moja, kwenye alama moja.

8. Kabla ya kuhamia alama ya pili, izungushe kamba kwenye kitakizo mzunguko mmoja mzima wa ziada. Mzunguko huo ni breki. Siku uzi mmoja ukikatika, jirani zake hawatalegea wote.

9. Endelea hadi tendegu la pili. Mshikaji wako abane kamba kwa kigingi kwenye kitakizo kila unapozunguka, ili mkazo ulioupata usirudi.

Sasa, mkazo kiasi gani? Hapa wageni wa kazi hukosea kwa bidii. Wanaukaza mtande kama ngozi ya ngoma, wanafurahi, halafu wakifika nusu ya mshindio, yaani nyuzi za upana, kamba haipiti tena. Kila mshindio unaoingia unaulazimisha mtande kupanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko kunakula urefu. Mtande unajikaza wenyewe kadiri unavyosuka. Kipimo changu: weka kiganja katikati ya jozi na ukandamize kwa nguvu ya kawaida. Ikishuka kama upana wa vidole vinne, acha. Ikishuka vidole viwili, umezidisha. Ikishuka kiganja kizima na zaidi, rudi ukaze.

Jozi zote zishuke sawa. Jozi moja ikiwa legevu kati ya zilizokaza, mgongo wako utaijua.

Mshindio

10. Kata kamba vipande vya mita 10 hadi 12. Kirefu zaidi ya hapo kitajifunga mafundo, nawe utamaliza siku ukifumua. Pitisha ncha kwenye tundu la kijiti cha mwanzi.

11. Anzia miguuni, kwenye mfumbati wa kulia. Funga kama ulivyofunga mtande, kisha peleka kamba kushoto: juu ya jozi ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu, hivyo hivyo hadi mfumbati wa pili.

12. Zunguka mfumbati, rudi kwa njia ile ile uliyokuja, upande ule ule wa kila jozi. Umepata jozi moja ya mshindio. Tia mzunguko wa ziada, uhamie alama inayofuata.

13. Safari hii geuza: chini ya jozi ya kwanza, juu ya ya pili. Kila jozi mpya iwe kinyume cha iliyotangulia.

14. Vuta kila uzi ukishapita wote, uvute kwa kuinua kwanza juu kisha pembeni. Ukivuta pembeni moja kwa moja, kamba inasuguana na mtande na kuuchubua.

15. Kipande kikiisha, unga kipya kwenye mfumbati, kwa chini. Fundo: ncha ya kulia juu ya ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya ya kulia, ukaze. Ukizipitisha upande mmoja mara zote mbili unapata fundo linaloteleza. Usiunge katikati ya kitanda hata kama kamba imekupungukia kidogo tu. Rudisha, ukate, uunge ukingoni. Fundo la katikati linamchoma mlalaji ubavuni kila usiku.

16. Kila baada ya jozi tano, chutama utazame kwa chini. Kosa la kusahau kugeuza huonekana upesi zaidi huko, na kufumua jozi tano ni afadhali kuliko ishirini.

17. Karibu na mchago mtande utakuwa umekaza sana. Inua jozi kwa kigingi, pitisha mwanzi, shusha. Usichokonoe kwa bisibisi wala kisu. Ikishindikana kabisa, mtande ulizidishwa. Fungua fundo lake la mwisho, toa mkazo kidogo kwa kurudi jozi kwa jozi, ufunge tena.

18. Funga mwisho chini ya mfumbati, na uache kama mita moja na nusu ya ziada, uizungushe hapo hapo. Hiyo ndiyo akiba ya kukazia. Hapo pia ondoa ile kamba ya mshazari.

Watu wawili wasiozoea humaliza kwa siku moja ndefu, na ni bora iwe mbili.

Kukaza kitanda kilicholegea

Fanya hivi baada ya wiki ya kwanza ya kulaliwa, kisha kila unapoona kinazama. Kitanda kiwe kikavu.

Fungua fundo la mwisho wa mtande tu, sio la mwanzo. Anzia kwenye uzi wa kwanza kabisa: ingiza kigingi chini yake, inua, ulegevu uusogeze hadi ukingoni, uupitishe kwenye mzunguko, uende uzi wa pili. Ni kama kukaza kamba za viatu kuanzia kwenye vidole: ukivuta ncha ya mwisho peke yake, nyuzi za mwanzo zinabaki legevu na za mwisho zinakatika. Ukimaliza mtande, fanya mshindio vivyo hivyo. Ulegevu uliokusanyika mwishoni uzungushe kwenye ubao, usiukate.

Kutia kiraka

Uzi mmoja ukikatika, usiuvute. Zifunge ncha zake mbili kwa muda kwenye nyuzi jirani, ili zisiendelee kulegeza wenzake. Kisha fumua uzi huo mbovu pande zote mbili hadi chini ya ubao, mpaka ukute kamba nzima, hata kama mkato ni mdogo. Kiraka cha sentimita ishirini katikati ya uzi mzee ni mafundo mawili na uzi ule ule mzee.

Kata kipande kipya: urefu wa kutoka ubao hadi ubao, ongeza nusu mita. Unga upande wa kwanza chini ya ubao, kipitishe kwa mwanzi kikifuata njia ya uzi uliotoka, juu na chini kama ulivyokuwa, kaza kwa kigingi, unga upande wa pili. Kipya kitavutika zaidi ya vya zamani, kwa hiyo kikaze zaidi kidogo kuliko wenzake.

Mambo yakienda kombo

*Kinazama katikati ndani ya siku chache.* Ama kamba haikuzoezwa, ama ilikuwa na unyevu. Kaza mara mbili kwa wiki hadi itulie. Kinachozama sehemu moja tu, tafuta jozi ya mtande iliyolegea hapo.

*Kinalia mtu akigeuka.* Sikiliza kwa kuweka mkono kwenye kila tendegu huku mwingine akijigeuza juu yake, linalotetemeka ndilo. Sugua sabuni ya mche kavu kwenye ulimi wa mfumbati. Tundu likiwa limepanuka, pigilia kabari nyembamba ya mti. Msumari unapasua tendegu, hasa la mti mkavu.

*Tendegu moja haligusi chini.* Kihamishie sakafu nyingine kwanza, baraza nyingi hazijasawazika. Likibaki hewani, pima mishazari. Ikiwa sawa, fremu imepinda, na mara nyingi upande mmoja wa mtande umekazwa kuliko mwingine. Legeza ule uliozidi, usikimbilie kukata miguu.

*Kamba inakatika pale pale kila mara.* Ukingo. Sogeza nyuzi pembeni, piga msasa hapo hapo, kisha zungushia ubao kitambaa kinene kabla ya kurudisha kamba.

*Fundo la manila linafunguka.* Plastiki inateleza. Funga mara tatu badala ya mbili, acha ncha ya urefu wa kidole, iyeyushe kwa moto wa kiberiti hadi itokeze kichwa. Usiguse kabla haijapoa, inashika ngozi.

*Kimenyeshewa.* Kiegemeze ukutani kwa ubavu, penye upepo na kivuli, siku mbili. Usikikaze kikiwa kimelowa, na mtu asikilalie. Kikikauka ndipo ukague mkazo. Madoa meusi ya ukungu yasugue kwa brashi kavu.

*Uzi umekatika na dukani hakuna kamba ya unene ule.* Usitie nyembamba, itakatika kabla ya mwezi. Ndiyo maana ile kamba iliyobaki katika zile mita 200 haifai kufungia mbuzi. Ikunje, uifunge chini ya kitakizo cha mchagoni, ikae na kitanda chake.